Baba wa Babu Amelala Kwenye Mibuni ya Watu

Haya ndiyo niliyoyapata nikifuatilia ukoo wa baba huko Karurumo, Embu Mashariki. Wa kwingineko Kyeni, Kagaari au hata Meru akianza kwao, mengi yatafanana.

1. Usitafute makaburi ya kale

Hayapo. Kabla ya misheni na amri za serikali ya kikoloni, maiti wengi Embu na Mbeere waliachwa kichakani, mbali na boma. Kuzika kulizoeleka katika karne ya 20. Kwa hiyo kaburi kongwe zaidi la ukoo wetu ni la mtu ambaye nyanya alimwona kwa macho yake. Kwa waliotangulia hapo, nenda kwenye simulizi. H.S.K. Mwaniki aliwahoji wazee wa Embu na Mbeere, na kazi yake ikachapishwa miaka ya 1970.

2. Kaburi lilibaki, shamba likahama

Zamani familia ilikuwa na vipande huku na huko: kimoja juu kwenye baridi, kingine chini kwenye joto kwa mtama na mbuzi. Hali ya hatari ikatangazwa Oktoba 1952, watu wakalazimishwa kuishi pamoja vijijini. Kisha Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukataka vipande viunganishwe, kila mtu awe na shamba moja lenye mipaka na karatasi. Kamati zilijumlisha ulivyokuwa navyo, ukapewa ardhi ya kiasi hicho mahali pamoja. Wafu hawakuwa kwenye hesabu.

Ndiyo maana baba wa babu amelala kwenye mibuni ya familia nyingine. Msalaba hana. Kuna mawe matatu, na safu ya mibuni inayokatika hatua mbili hivi kisha ikaendelea. Wenye shamba hawajui jina lake, lakini hawajawahi kupanda pale.

3. Omba kadi ya kijani

Hatimiliki humtaja mwenye ardhi wa leo. Kadi ya kijani, iliyoko ofisi ya ardhi mjini Embu, huwataja wote tangu usajili wa kwanza, pamoja na mikopo na vizuizi. Ukishajua namba ya shamba (kwetu huanza na Kyeni, kisha eneo kama Mufu, kisha tarakimu), unaomba nakala.

Mstari wa kwanza wa kadi yetu una jina moja tu, la kaka mkubwa wa babu. Si ajabu. Familia nyingi ziliandikisha mmoja kwa niaba ya wote, na baadhi ya hao wakasahau kwa niaba ya nani. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 iliukinga usajili wa kwanza hata kama ulipatikana kwa hila, nayo chuki ikarithiwa pamoja na shamba. Ilipofika 2018, Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Meru, ikakubali kwamba mwenye hati anaweza kuwa ameshikilia ardhi kwa amana ya jamaa zake.

Kwa mtafuta ukoo, hukumu za namna hii ni chakula. Mashahidi husema kwa kiapo nani alimzaa nani na nani alioa wangapi, na upande wa pili huwasahihisha bila huruma. Nyingi zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law.

4. Majina yanazunguka

Kifungua mimba wa kiume huitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Mabinti nao huwafuata nyanya zao kwa mpangilio huohuo. Njeru humzaa Nyaga, Nyaga humzaa Njeru, na karani wa rejista hakujali ni yupi. Namba ya kitambulisho huwatenganisha. Lakini mzunguko huu pia ni msaada mkubwa: nipe majina ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, nami nitakutajia majina ya nyanya na babu zao wote wanne.

5. Daftari huogopesha watu

Kuulizia kaburi lililo shambani kwa mtu ni kama kudai shamba lenyewe. Mwanaanthropolojia Jack Glazier aliliandika hili kuhusu majirani zetu Wambeere miaka ya 1980: kaburi limegeuka ushahidi wa umiliki. Mzee mmoja aliniangalia mikono kabla ya kunijibu salamu.

“Umekuja kupima?”

“La, mzee. Natafuta jina la mama yake babu.”

“Na ukilipata, utalipeleka wapi?”

Siku hizi shangazi hutangulia na kilo ya sukari, na daftari halitoki mkobani mpaka chai ya pili.

6. Mabinti wako kwenye faili la mirathi

Kwenye kadi za kijani za zamani ni nadra kumkuta mwanamke. Mwenye shamba akifa, hata hivyo, familia huenda kortini, Runyenjes au Embu, na barua ya chifu inayoorodhesha warithi, na mabinti walioolewa hutajwa humo. Tangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Kenya likiwa na tarehe ya kifo, ambayo naiamini kuliko ile iliyochorwa kwenye saruji ya kaburi miaka mingi baadaye. Faili la yule kaka mkubwa lilinipa shangazi wawili walioolewa Chuka, ambao baba hakuwahi kuwataja. Mmoja yuko hai, na ameshatuma ujumbe kwamba ana maswali yake pia, la kwanza likiwa kuhusu ule mstari wa kwanza wa kadi.