Kabla Hujatia Saini Fomu ya Utafiti

Umekaa kwenye benchi la kliniki tangu asubuhi, mtoto ana homa, mara anakujia dada mwenye koti jeupe na karatasi kadhaa mkononi: "Mama, tunaomba mwanao ashiriki kwenye utafiti wetu." Wengi huitikia papo hapo, maana koti jeupe ni daktari na daktari habishiwi. Usishike kalamu kwanza.

Hatua ya 1. Uliza: haya ni matibabu au ni utafiti?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Matibabu yanakutafutia nafuu wewe. Utafiti unatafuta jibu ambalo wataalamu wenyewe bado hawanalo, na faida yake huenda wakaipata wengine miaka ijayo. Lakini yote hufanyika chumba kimoja, pengine kwa mkono wa nesi yule yule.

Chukua majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe hapa Tanzania, na Kilifi kwa jirani zetu Kenya. Nani apate chanjo ipi, iliamuliwa kwa kura, na wazazi hawakuambiwa kura imeangukia wapi. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, kundi la ulinganisho lilichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ni chanjo halali, ina kazi yake, ila haizuii malaria. Mzazi asiyeelewa habari ya kura anaweza kurudi nyumbani akiamini mwanawe ameshakingwa, akaacha kumfungia chandarua. Kwa hiyo uliza: kuna kura? Kundi lingine linapewa nini?

Hatua ya 2. Ulizia damu bila haya.

"Kidogo tu" si jibu. Kiasi gani, mara ngapi, kwa muda gani? Mililita 5 ni kama kijiko kimoja cha chai. Mwambie akuonyeshe kichupa chenyewe. Huku pwani hofu ya mumiani, watu wanaosemekana kunyonya damu za wenzao, ina miaka mingi, na kwa maoni yangu watafiti wanaokwepa swali la damu ndio wanaoilisha. Uliza na itakayobaki: itamwagwa, itahifadhiwa, au itasafirishwa nje ya nchi kwa utafiti mwingine?

Hatua ya 3. Ulizia mlango wa kutokea.

Ukikataa, unatibiwa kama kawaida. Ukikubali leo, unaweza kujitoa kesho, wala huwajibiki kutoa sababu. Ukiambiwa utapoteza nafasi yako kwenye foleni, hapo hakuna ridhaa tena, kuna kulazimishwa.

Hatua ya 4. Rudia kwa maneno yako.

Anayeuliza "Umeelewa?" atajibiwa "ndiyo" kutwa nzima. Wewe geuza mambo: "Dada, ngoja nikueleze nilivyoelewa, unisahihishe. Mtoto atachomwa sindano tatu. Huenda ikawa chanjo mpya, huenda ikawa nyingine. Mtamtoa damu leo na baada ya mwezi. Akizidiwa usiku, nampigia nani?" Pale utakapokwama ndipo pa kuulizia tena. Mtafiti makini atafurahi. Akikereka, umeshajua la kufanya.

Hatua ya 5. Nenda nayo nyumbani.

Isipokuwa hali ni ya dharura, omba siku moja ushauriane na mwenzio au mtu unayemwamini. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kuwaruhusu watafiti waingie kijijini. Ruhusa yake haifiki kwenye mshipa wako.

Hatua ya 6. Saini, au dole gumba.

Kama husomi, lazima awepo shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, asikilize maelezo tangu mwanzo hadi mwisho, naye atie saini. Kuitwa mwishoni kushuhudia dole gumba tu hakutoshi. Nakala moja ibaki kwako. Angalia kama imetaja kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti. Tanzania Bara, kibali cha kitaifa hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na dawa au chanjo inayojaribiwa huhitaji pia ruhusa ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Tafuta namba mbili za simu: ya mtafiti, na ya kamati ya maadili, utakayoipigia ukiwa na malalamiko dhidi ya mtafiti huyo huyo. Fomu isiyo na namba hizo irudishe bila saini.