Gari la Mzee Lipimwe kwa Goti Lake

Mwezi huu tunaacha kidogo habari za malaria na maji safi. Tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo familia kadhaa za parokia zetu zimetuuliza: watoto wamechanga fedha, wanataka kumnunulia baba au mama yao mzee gari la familia, lile la viti saba au vinane, ili awahi Misa na kliniki bila taabu. Je, wanunue lipi?

Huenda mtashangaa kuona swali la gari kwenye ukurasa wa afya. Sisi nasi tungelipeleka kwa mafundi, kama tusingekutana na mama mmoja wa kigango fulani, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80. Wanawe walijinyima kwa miaka miwili, wakamnunulia Toyota Hiace nzuri, nyeupe, ya paa la juu. Jumapili ya kwanza wajukuu wawili walimshika kwapani, wakamnyanyua kama gunia mbele ya watu waliotoka kanisani. Jumapili ya pili bega lilimuuma wiki nzima. Jumapili ya tatu alisema kichwa kinamgonga, waende tu. Tangu Pasaka mpaka karibu na Krismasi hakutia mguu kanisani. Gari lilibeba kwaya, lilibeba mahindi, lilibeba wageni wa harusi. Aliyenunuliwa gari ndiye peke yake aliyekuwa halipandi.

Wanawe walidhani mama amechoka na uzee. Tulipomwuliza yeye mwenyewe, alijibu kwa sauti ndogo kwamba anaogopa kuanguka, na kwamba anaona aibu kubebwa.

Tusiuchukulie woga huo kama ukaidi. Kadiri umri unavyoongezeka misuli ya mapaja hupungua nguvu, magoti hukakamaa, nyonga hazifunguki sawasawa, na mifupa huwa myepesi, hasa kwa akina mama. Kijana akiteleza kwenye mlango wa gari huinuka akicheka. Mzee akianguka hapo huweza kuvunjika nyonga, na asipopata matibabu mapema hulala kitandani miezi mingi, apate vidonda vya mgongo au homa ya mapafu. Wengine hawatembei tena. Kwa hiyo mlango wa gari ni mahali pa hatari kama ilivyo sakafu ya bafu.

Sisi watu wa Tabora tunaishi juu ya njia kuu ya zamani, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe hadi Ujiji, na wapagazi wake mashuhuri walikuwa Wanyamwezi. Katika njia ile mtu mkubwa akiugua alibebwa kwa machela, yaani kitambaa kizito kilichofungwa kwenye mti mrefu, mabegani mwa wanaume wawili. Daktari Livingstone, aliyekaa Kwihara mwaka 1872, aliishiwa nguvu katika safari yake ya mwisho, na mwaka 1873 wachukuzi wake walimtengenezea kitanda cha miti wakambeba. Hatusemi zile zilikuwa siku njema. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na aliyeugua kati yao hakubebwa na mtu. Lakini angalieni machela yenyewe: kwanza iliwekwa chini, mgonjwa akajilaza, ndipo ikainuliwa. Hakuna aliyemwambia mgonjwa apande. Magari yetu mengi yametengenezwa kinyume cha hapo, na ndiyo sababu inabidi tupime kabla ya kulipa.

Kupima kwenyewe hakuhitaji fundi. Chukueni futi kamba ya fundi cherehani. Mzee akae kwenye kiti cha nyumbani ambacho huinukia bila kushikwa. Pimeni kutoka ardhini hadi juu ya kiti hicho. Hicho ndicho kimo anachokimudu, na aghalabu ni sawa na goti lake au juu yake kidogo. Kisha angalieni ni ngazi ya kimo gani anayoipanda mwenyewe pale nyumbani au kanisani. Ngazi ya kawaida ya nyumba haizidi sana sentimeta 18 au 20. Mkishapata vipimo hivyo viwili, andikeni kwenye karatasi na kwenda nayo kwenye yadi ya magari. Pimeni kimo cha sakafu mlangoni, halafu kimo cha kiti kutoka ardhini. Kiti kikiwa chini mno, kama cha magari madogo mengi, mzee atazama ndani na kushindwa kutoka. Kikiwa juu mno atalazimika kuruka. Gari zuri ni lile ambalo akisogeza makalio nyuma hukuta kiti kinamngoja.

Bora zaidi, nendeni na mzee mwenyewe. Tunajua desturi ya kutaka kumshangaza kwa zawadi, gari liingie uani huku linapigiwa vigelegele. Sisi tunashauri vigelegele vingoje. Apande na kushuka mara tatu, bila haraka, akiwa amevaa kitenge au kanzu yake ya kawaida. Mara ya kwanza atajikaza kwa ajili yenu. Mara ya tatu ndiyo itakayosema kweli.

Sasa tuyataje magari yenyewe, maana ndiyo mnayoyaona barabarani. Hiace ni imara, lakini injini yake iko chini ya viti vya mbele. Anayekaa mbele hupanda juu ya gurudumu, na sakafu ya nyuma nayo iko juu. Noah zile za zamani za miaka ya 1996 hadi 2001 zina injini chini ya viti vya mbele vilevile, na mlango wa kusukuma uko upande mmoja tu, wa kushoto. Noah zilizoanza kutoka mwaka 2001 injini imehamia mbele, sakafu imeshuka, na milango ya kusukuma iko pande zote mbili. Kwa mzee tofauti hiyo ni kubwa kuliko rangi na redio. Nissan Serena na Honda Stepwgn ziko katika kundi hilo la sakafu ya chini. Toyota Sienta ni ndogo zaidi na ni rahisi kuingia, ila kwa familia kubwa nafasi itabana, na kwa njia zetu za vijijini tumbo lake liko karibu mno na ardhi.

Hapo pana mgongano usioepukika. Gari la sakafu ya chini humfaa mzee, lakini hukwaruza kwenye makorongo ya masika. Barabara zetu kuu siku hizi zina lami, bali njia ya kutoka barabarani hadi kigangoni bado ni mchanga na mashimo. Kama mzee anaishi mjini, Isevya au Ng'ambo, chagueni sakafu ya chini bila kusita. Kama anaishi ndani kabisa ya Sikonge au Uyui, huenda mtalazimika kuchukua gari la juu kidogo na kumtengenezea ngazi. Tutaisema baadaye.

Jambo la injini chini ya kiti lina upande wa afya pia. Mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi aghalabu miguu yake imekufa ganzi. Sakafu ya mbele ya magari hayo huweza kupata joto katika safari ndefu, naye asihisi, akafika na malengelenge. Avae viatu vilivyofunika vidole, na mkifika tazameni nyayo zake.

Mzee akae wapi ndani ya gari? Heshima yetu humweka mbele, na mara nyingi heshima hapo inakubaliana na afya: katika magari yenye injini mbele, mlango wa mbele hufunguka wazi, kiti husogezwa nyuma, na pana kishikio. Lakini kisogezwe nyuma kweli, kifua kikae mbali na dashibodi walau sentimeta 25, kwa sababu ya ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Mkanda upite juu ya mifupa ya nyonga na katikati ya bega. Usipite juu ya tumbo wala shingoni. Kama mbele hapamfai, safu ya katikati ni nzuri. Kiti cha nyuma kabisa kisiwe cha mzee hata siku moja. Pale nyuma ya magurudumu gari likiruka tuta humrusha abiria juu na kumwangusha kwa kishindo, na mifupa ya mgongo iliyokwisha kuwa myepesi huweza kupondeka kwa tuta moja tu. Mzee akilalamika mgongo ghafla baada ya safari, msimpake dawa ya kuchua mkaishia hapo. Mpelekeni apigwe picha.

Kuna pia magari yaliyotengenezwa Japani kwa ajili ya walemavu na wazee. Toyota huyaita Welcab. Mengine kiti chake huzunguka na kushuka nje hadi karibu na ardhi, kama ile machela tuliyoisema, na mengine yana njia ya kupandishia kiti cha magurudumu nyuma. Yakipatikana ni neema. Ila jaribuni mitambo yote mbele ya muuzaji, tena mara kadhaa, na ulizeni ni fundi gani wa Tabora atakayekitengeneza kiti hicho siku kikigoma kikiwa nje na mzee amekikalia. Kama mzee anatumia kiti cha magurudumu cha kukunja, basi hata Noah ya kawaida hufaa, maana viti vya nyuma kabisa hukunjwa kando. Nendeni nacho hicho kiti, mkikunje, mkipakie.

Namna ya kupanda ina kanuni yake. Mwenye mguu mmoja dhaifu, kama baada ya kiharusi, hupandisha kwanza mguu mzima, na wakati wa kushuka hutanguliza mguu mbovu. Kwenye kiti cha mbele, ageuze mgongo kwanza, aguse kiti kwa miguu yote miwili ikiwa ardhini, akae, ndipo azungushe magoti ndani. Mfuko laini wa nailoni ukiwekwa juu ya kiti humsaidia kuzunguka bila kukwama. Uondolewe kabla gari halijaondoka. Msaidizi asimvute mikono, maana bega la mzee huteguka upesi. Amshike kiunoni, au amfunge khanga imara kiunoni na kushika hapo.

Kwa safari za mbali, mathalani kwenda Bugando kule Mwanza, ambazo huchukua saa nyingi, simameni kila baada ya saa mbili atembee kidogo. Kukaa bila kusogea huweza kugandisha damu ndani ya mishipa ya miguu. Wazee wengi hukataa kunywa maji njiani wakiogopa kuomba gari lisimame. Dereva amwambie mapema kwamba watasimama, kabla hajaulizwa. Mwezi wa Oktoba, joto linapokuwa kali kwetu, hili si jambo dogo.

Na wasio na uwezo wa kununua, ambao ndio wengi? Vipimo vya futi kamba ni vilevile mnapokodi. Kwenda Kitete kutoka mitaa ya mjini, bajaji ya mwendo wa polepole humfaa mzee kuliko kipanya kirefu, na humfaa mbali sana kuliko bodaboda. Jumuiya moja ikichanga nauli ya gari la sakafu ya chini mara moja kwa mwezi, wazee watatu au wanne huweza kufika Misa pamoja.

Turudi kwa yule mama. Hiace haikuuzwa, maana fedha zilikwisha. Seremala wa mtaani alitengeneza kigoda cha mninga, kimo chake nusu ya kimo cha sakafu ya gari, miguu imetanuka isipinduke, juu yake kipande cha tairi kuukuu kimepigiliwa ili nyayo zisiteleze. Mlangoni kikafungwa kishikio cha bomba. Mara ya kwanza alikipanda nyumbani, geti likiwa limefungwa, pasipo mtazamaji. Sasa hukaa safu ya katikati, na kigoda kina kamba ndefu ili mjukuu akivute ndani baada ya bibi kukaa.