Mzee Anaposahau: Vifaa vya Kumlinda Nyumbani

Ni saa nane za usiku. Bibi anaamka, anajifunga kanga na kufungua mlango aende shambani. Kwake yeye, bado yuko Uvira. Lakini nje ni Marekani, mwezi wa Januari, na theluji imefunika njia. Ninyi nyote mmelala. Nani atajua kwamba ametoka?

Dimenshia, yaani hali ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hutokana na magonjwa ya ubongo. Si uchawi, wala si ukaidi wa mzee. Mpeleke kwa daktari. Wakati huohuo, vifaa vichache vinaweza kuifanya nyumba yako iwe salama zaidi. Anza na mlango na jiko.

1. Mlango
Nunua kengele ya mlango ya sumaku. Ina vipande viwili: kimoja hubandikwa mlangoni, kingine kwenye fremu. Mlango ukifunguliwa, vipande hutengana na kengele hulia. Hubandikwa kwa gundi, kwa hiyo hutatoboa ukuta wa nyumba ya kupanga. Tafuta inayolia chumbani kwako, kwa sababu kelele kali mlangoni inaweza kumtisha mzee.
Usimfungie mzee ndani peke yake. Moto ukizuka, hataweza kutoka.

2. Jiko
Mzee aliyepikia kuni au makaa maisha yake yote huutambua moto kwa kuuona. Jiko la umeme halina mwali, na hubaki la moto hata baada ya kuzimwa. Weka vifuniko kwenye swichi zake, au zing'oe wakati hakuna anayepika. Vipo pia vifaa vinavyozima jiko vyenyewe mtu akiondoka jikoni. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kukifunga.
King'ora cha moshi kijaribiwe kila mwezi. Kikilia unapokaanga samaki, fungua dirisha, usitoe betri.

3. Bafu na usiku
Mwombe mwenye nyumba aiweke hita ya maji isizidi nyuzi 120 za Farenhaiti, ili maji yasimuunguze mzee. Weka taa zinazowaka zenyewe mtu anapopita, kuanzia kitandani hadi chooni.

4. Akipotea
Mvishe bangili yenye jina lake na namba yako ya simu. Saa ya mkononi yenye GPS huonyesha kwenye simu yako mahali alipo, lakini ni lazima ichajiwe, na nyingi hulipiwa kila mwezi. Ulizia gharama kabla ya kununua.
Ukiona hayupo, mtafute papo hapo. Zikipita dakika 15 hujampata, piga 911. Huhitaji kusubiri saa 24. Sema "Swahili" na usikate simu hadi mkalimani apatikane. Taja anwani yako, sema mzee ana dimenshia, na eleza alivyovaa. Tunajua wengi wetu tuliyoyaona yametufanya tuwaogope polisi. Lakini kwenye baridi kali, kila dakika ina thamani.

5. Heshima yake
Ukitaka kuweka kamera, zungumza naye kwanza, na usiiweke bafuni wala mahali anapovalia nguo. Yeye bado ni mzazi wako.

Kumbuka, kengele inakuamsha tu. Wewe ndiye unayeamka. Bibi akisema anataka kwenda nyumbani, usibishane naye. Muulize alikuwa akilima nini. Mpe chai. Akitulia, mrudishe kitandani taratibu. Nanyi nyumbani pangeni zamu, ili mzigo usimwelemee mtu mmoja.

Ukihitaji ushauri, piga simu Alzheimer's Association, 1-800-272-3900. Wanapokea simu saa 24 bila malipo. Omba mkalimani wa Kiswahili.

Zoezi la wiki hii
1. Hesabu milango yote ambayo mzee anaweza kutokea.
2. Jaribu king'ora cha moshi.
3. Mpige mzee picha mpya na uitunze kwenye simu yako.
4. Wafundishe watoto kutaja anwani ya nyumbani bila kusoma.