Kukinga, Kuvuna na "Mradi": Maji ya Mvua katika Lugha ya Sheria

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo, si kila mwenye paa huruhusiwa kuweka kibaba chini yake. Nchini Marekani, mamilioni ya watu huishi katika mitaa inayosimamiwa na vyama vya wamiliki wa nyumba. Anunuaye nyumba katika mtaa wa aina hiyo huwa mwanachama kwa lazima, hulipa ada na hufungwa na kanuni zinazoweza kugusa hata rangi ya kuta. Pipa la maji nalo huweza kuhesabiwa kuwa linaharibu sura ya mtaa. Makala haya yanachunguza jinsi maneno machache ya sheria yanavyoamua haki ya kukinga mvua, na jinsi yanavyomtahini mfasiri wa Kiswahili.

Uzito wa "mradi"

Katika jimbo la Texas, kifungu cha 202.007 cha sheria za mali, kilichotungwa mwaka 2003 na kupanuliwa mwaka 2011, kinavinyima vyama hivyo uwezo wa kupiga marufuku mapipa ya mvua. Msomaji wa haraka atadhani shauri limekwisha. La hasha! Chama bado kinaweza kukataza pipa lililo kati ya upande wa mbele wa nyumba na barabara, au lenye rangi isiyooana na ya nyumba. Pipa likionekana kutoka barabarani, chama kinaweza kuamua ukubwa na aina yake, mradi masharti hayo yasimzuie mwenye nyumba kuliweka bila gharama ya kupindukia, na mradi pawepo nafasi ya kutosha katika kiwanja chake.

Haki yote ya mwenye nyumba imeegemea kiunganishi "mradi". Kikiondolewa, chama kinabaki na mamlaka yasiyo na mpaka. Vilevile, mfasiri afuataye neno kwa neno ataandika "uwekaji wa kiuchumi" mahali pa suala la gharama. Maneno hayo ni ya Kiswahili, lakini hayamwambii mwenye nyumba kile anachoweza kudai.

Kukinga au kuvuna?

"Kuvuna maji" kumeenea katika maandishi rasmi. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016, kwa mfano, iliunda mamlaka ya kitaifa ya kuvuna na kuhifadhi maji. "Kukinga" ni kuweka chombo kipokee kinachodondoka. Avunaye hudai mavuno kuwa yake. Akingaye hupokea tu.

Tofauti hii hudhihirika Colorado, ambako aliyetangulia kuyatumia maji ya mto ndiye mwenye haki ya kwanza. Sheria ya mwaka 2016 inaruhusu kila nyumba mapipa mawili yasiyozidi galoni 110 kwa jumla, yaani lita 416 hivi, kwa matumizi ya nje kama vile kumwagilia bustani. Papo hapo inatamka kwamba kutumia pipa hakumpi mtu haki ya maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Kwa hiyo paa la mita 100 za mraba hujaza mapipa hayo kwa milimita 4 tu na ushei. Kutumia "kuvuna" hapa ni kumwahidi msomaji umiliki ambao sheria imeukataa. "Kukinga" ndicho kitenzi kifaacho.

Hitimisho

Nchini Kenya pia, sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inawaweka wenye nyumba chini ya shirika lenye kanuni zake. Mwanafunzi wa Kiswahili atakapoombwa kuwafasiria wakazi kanuni za aina hii, na achunguze kwanza vitenzi na viunganishi, kwa kuwa humo ndimo haki ya mkazi inamolindwa au kupotea.