SOMO LA MWEZI: INJINI INAPOZIMIKA ANGANI

Wengi wetu tumeona ndege ndogo ikiruka na kujiuliza: injini ikizimika, rubani atafanya nini? Tujifunze kwa ajali moja iliyochunguzwa vizuri.

Tarehe 5 Machi 2015, mwigizaji wa sinema Harrison Ford, mwenye miaka 72, aliruka peke yake kutoka Santa Monica, Marekani. Ndege yake ilikuwa ya injini moja, Ryan PT-22, ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Muda mfupi baada ya kuruka, injini ilipoteza nguvu. Alijaribu kuiwasha, ikakataa. Akageuza ili arudi kiwanjani, lakini ndege ilikuwa ikishuka upesi. Alipoona hatafika, aliuacha uwanja wa ndege akachagua uwanja wa gofu uliokuwa karibu. Ndege iligonga ncha ya mti, ikaanguka. Aliumia vibaya, lakini alipona, na hakuna aliyeumia chini.

Tunajifunza nini?

1. Chanzo kilikuwa kidogo. Wachunguzi walikuta jeti kuu ya kabureta imelegea na kutoka mahali pake. Wenye pikipiki wanaijua: ni kile kipande chenye tundu kinachopima petroli. Petroli ilizidi hewa, nguvu ikapotea. Tena, mkanda wa mabegani haukuwa umefungwa imara kwenye kiti, ndiyo maana ukashindwa kumkinga vizuri.

2. Ndege bila injini haianguki papo hapo kama jiwe. Rubani akiinamisha pua, ndege hupata mwendo na kushuka kwa mteremko, mabawa yakiibeba. Akiivuta pua juu kwa hofu, mwendo unapungua, mabawa yanaacha kubeba. Hapo ndipo inadondoka.

3. Kimo ni akiba. Kila kona inakula kimo. Kwa hiyo marubani hufundishwa: ukiwa bado chini, usihangaike kurudi ulikotoka, tazama mbele, tafuta mahali pa wazi.

4. Mahali pa wazi huokoa watu wawili: aliye juu na aliye chini. Tarehe 24 Novemba 2019 huko Goma, ndege ndogo iliyotoka tu kuruka ilianguka kwenye nyumba za watu. Walikufa waliokuwa ndani yake, na wengine waliokuwa nyumbani kwao.

Ndugu zangu, kiwanja kilikuwa kizuri kuliko uwanja wa gofu, lakini kilikuwa hakifikiki tena. Rubani alipona kwa kuchagua kinachofikika wakati kimo bado kipo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
- Je, ni kipande gani kidogo cha pikipiki, baiskeli au kinu chetu ambacho hatujakikagua siku nyingi?
- Kwa nini ni vigumu kuacha njia ya kurudi hata tunapoona hatutafika?
- Watoto waeleze: kwa nini rubani huinamisha pua badala ya kuivuta juu?