Nyumba na Maji ya Mafuriko: Mafundisho kwa Wajengaji wa Nakuru na Bonde la Ufa

Mvua kubwa inyeshapo usiku juu ya bati, mwenye nyumba iliyojengwa vizuri hugeukia upande wa pili akaendelea kulala. Mwenye nyumba iliyojengwa vibaya huamka, akawasha taa na kutazama sakafu. Mvua iliyowanyeshea watu hawa wawili ni moja. Tofauti yao ilianza siku ile kiwanja kilipochaguliwa na vigingi vya kwanza vikapigwa ardhini.

Katika nchi ya Nakuru jambo hili si dogo. Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa lilipasuka huko Solai na maji yake yakaua watu wasiopungua 47. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji yaliushukia Mai Mahiu na kijiji cha Kamuchiri, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Wengi walikuwa vitandani mwao. Basi yafaa kila mwenye nia ya kujenga, awe mkulima wa shamba dogo au mwenye vyumba vya kupangisha mjini, afahamu jinsi maji yanavyofanya kazi na jinsi nyumba inavyoweza kukingwa.

AINA TATU ZA MAFURIKO

Mji wa Nakuru umekaa kati ya Menengai upande wa kaskazini na Ziwa Nakuru upande wa kusini. Magharibi ipo milima ya Mau, ambako Mto Njoro hutoka na kuteremka mpaka ziwani. Kusini zaidi, mito ya Malewa na Gilgil humimina maji yake katika Ziwa Naivasha, na Mai Mahiu uko chini ya ukingo mrefu wa Bonde la Ufa. Ziwa Nakuru na Ziwa Naivasha hayana mto wa kuyatoa maji kwenda baharini. Kwa hiyo maji yanayoshuka kutoka milimani hukusanyika bondeni, na huko bondeni ndiko watu wengi wanakojenga.

Mafuriko ya nchi hii ni ya aina tatu, na kila aina ina kinga yake. Ya kwanza ni maji ya ghafla yashukayo kwa kasi kutoka mlimani. Ya pili ni maji ya ziwa yapandayo polepole. Ya tatu ni maji ya mitaa, yatokayo katika mapaa, barabara na nyua za watu wenyewe. Mtu asiyejua ni aina gani inayomtisha huweza kutumia fedha zake zote kwa kinga isiyofaa.

MAJI YA GHAFLA: KINGA NI MAHALI

Maji yaendayo kasi yana nguvu ya ajabu. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya maji huongezeka mara nne; kasi ikiwa mara tatu, nguvu huwa mara tisa. Zaidi ya hayo, maji ya mlimani hubeba mawe, magogo na matope. Hakuna ukuta wa nyumba ya kawaida, hata wa mawe ya kuchonga, uwezao kuyazuia. Kwa aina hii ya mafuriko kinga ni moja tu: kutojenga njiani mwake.

Sheria za Kenya zimeliangalia jambo hili. Kanuni za mazingira za mwaka 2006 ziliweka ukanda wa mita 6 hadi mita 30 kila upande wa mto, unaopimwa kwa kufuata alama ya juu kabisa ambayo maji ya mafuriko yamepata kufika. Maneno hayo ya mwisho yana maana kubwa. Watu wengi hupima kutoka ukingo wa maji wakati wa kiangazi, mto ukiwa mwembamba kama kamba, kisha hushangaa masika yafikapo.

Lakini kupima umbali wa mto hakutoshi. Mkasa wa Mai Mahiu wa mwaka 2024 haukuwa wa mto uliofurika tu. Wakuu wa serikali walieleza kwamba kalavati, yaani njia ya kupitisha maji chini ya tuta la reli, iliziba kwa miti, mawe na udongo. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta kama bwawa, kisha yakapasua njia na kushuka yote kwa mara moja. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua kiwanja, mtu aende kwa miguu upande wa juu na kutazama. Je, kuna bwawa? Kuna tuta la reli au barabara? Kalavati zake ni safi au zimejaa takataka? Kuna korongo kavu lielekealo kiwanjani? Korongo kavu si ushahidi wa kwamba maji hayapo, bali ni ushahidi wa kwamba yamewahi kupita.

MAJI YA ZIWA: KINGA NI KIMO

Mvua kubwa za mwaka 1961 na miaka iliyofuata ziliinua maziwa mengi ya Afrika ya Mashariki. Baadaye maji yakashuka, ardhi ikaonekana, watu wakalima na kujenga. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda tena. Lango kuu la Hifadhi ya Ziwa Nakuru lilifunikwa, ikabidi lihamishwe. Mtaa wa Kihoto mjini Naivasha uliingiliwa na maji mwaka 2020, na mwaka 2025 familia nyingi zilitoka nyumbani mwao kwa mashua.

Maji ya ziwa hayabomoi kwa kishindo, lakini yakiingia hukaa miezi mingi, hata miaka. Kuinua sakafu peke yake hakutoshi ikiwa choo, kisima na njia ya kwenda shuleni vyote vimezama. Yafaa kwanza kujua alama ya juu ya maji. Wazee wa mahali waulizwe ziwa lilifika wapi wakati wa ujana wao. Itazamwe pia migunga iliyokauka ikiwa imesimama, maana mingi iliuawa na maji yaliyofunika mizizi yake.

Baada ya alama kujulikana, fundi huweza kuihamisha mpaka kiwanjani kwa mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha nuru. Mpira hujazwa maji bila kuacha hewa ndani. Mtu mmoja hushika ncha moja penye alama, mwingine hushika ncha ya pili kwenye kigingi cha kiwanjani. Maji yatuliapo, ncha zote mbili huwa na kimo kimoja. Palipo mbali, kazi hufanywa kwa vituo, kigingi baada ya kigingi. Sakafu ya nyumba na iwe juu ya alama hiyo kwa nusu mita angalau. Ikiwa alama inapita kiwanja kwa kimo cha mtu, hapo si mahali pa nyumba. Panafaa malisho au bustani.

MAJI YA MITAA: KINGA NI MFEREJI

Watu wengi hawaamini kwamba nyumba zao wenyewe huleta mafuriko. Hesabu ni rahisi. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa mita 5 ina mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo hutoa lita 2,000, yaani mapipa 10 ya lita 200. Katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 chenye vyumba vingi vya kupangisha, hesabu hiyo hupanda mara nne au tano. Ardhi ikiwa imefunikwa kwa saruji yote, maji hayo hayana pa kuzama. Hukimbilia kwa jirani wa chini.

Dawa yake ni michirizi ya bati yenye kuongoza maji katika tangi, mtaro wenye mteremko kuizunguka nyumba, na sehemu ya uwanja iliyoachwa na majani. Mtaro uishie katika mtaro mkubwa wa mtaa, usielekezwe mlangoni kwa mwenziwe.

UZITO WA MAJI UKUTANI

Hata maji yaliyosimama husukuma. Ukuta wenye urefu wa mita 5, ukisimamiwa na maji ya kina cha nusu mita upande mmoja, husukumwa kwa uzito wa kilo 625 hivi. Kina kikifika mita 1, nguvu hiyo huwa kilo 2,500, yaani mara nne. Ndiyo sababu ukuta uliostahimili maji ya magotini huanguka ghafla yafikapo kiunoni.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Mifuko ya mchanga mlangoni husaidia maji yakiwa machache. Lakini yakizidi, kuyazuia kabisa nje kwaweza kuuangusha ukuta, kwa kuwa ndani hakuna kitu cha kuusukuma nyuma. Maji yakiwa sawa ndani na nje, misukumo hulingana. Kwa hiyo, mahali panapojulikana kwamba maji yaweza kupita juu ya sakafu, mafundi hodari huacha matundu karibu na ardhi katika kuta mbili zinazokabiliana, ili maji yaingie na kutoka. Nyumba italowa, lakini itasimama, na tope husafishwa kwa siku chache kuliko ukuta unavyojengwa upya.

MSINGI, UKUTA NA PAA

Udongo wa sehemu nyingi za Nakuru ni majivu ya volkano, mwepesi na rahisi kuchukuliwa na maji. Mwezi wa Machi 2018, wakati wa mvua kubwa, ufa mkubwa uliikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na wataalamu wengine walieleza kwamba maji yaliuchukua udongo wa namna hii uliokuwa umejaa ndani ya ufa wa zamani. Basi msingi usisimame juu ya majivu malegevu. Uchimbwe mpaka udongo mgumu upatikane. Zege ya msingi yaweza kuchanganywa kwa karai 1 la saruji, 3 za mchanga na 6 za kokoto, wala maji yasizidi, kwa maana zege ya majimaji ni dhaifu.

Mahali pa mafuriko, sakafu iliyoinuliwa sentimita 15 tu ni chini mno. Sentimita 45 zafaa zaidi. Kifusi cha kuinulia kishindiliwe kwa matabaka membamba, kisha itandikwe karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu kabla ya kumwaga zege ya sakafu. Nchini Bangladesh, ambako mito hufurika kila mwaka, wanakijiji huinua kwanza kilima cha udongo, ndipo hujenga nyumba juu yake.

Tofali la udongo mbichi likilowa hugeuka tope. Asiyeweza kujenga ukuta wote kwa mawe, ajenge kwa mawe sehemu ya chini, mpaka juu ya alama ya maji, na udongo utumike juu yake. Udongo wa tofali ukichanganywa na saruji, sehemu 1 kwa 15 hivi, hustahimili maji zaidi. Juu ya kuta zote upite mkanda wa zege wenye vyuma, uzifunge pamoja kama mshipi. Mbao za paa nazo zifungwe kwa waya au vyuma katika mkanda huo.

Swichi kubwa na soketi za umeme ziwekwe juu, kimo cha kifua au zaidi. Shimo la choo lijengewe kwa mawe, mdomo wake uinuliwe, na liwe chini ya kisima kwa mteremko na mbali nacho kwa mita 30. Choo kikifurika ndani ya kisima, kipindupindu na homa ya matumbo hufuata nyuma ya maji.

KAZI YA MTU MMOJA NA KAZI YA WENGI

Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024 zilichukua nafasi ya zile za mwaka 1968, na sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yamtaka mjengaji apate kibali cha kaunti. Wengine huona kibali ni gharama tu. Lakini ramani ikipitiwa na mtu mwenye ujuzi, kosa huonekana likiwa mstari wa kalamu, nalo hufutwa bila gharama kubwa. Mwenye vyumba vya kupangisha ana wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa watakaolala humo hawakuchagua kiwanja wala msingi.

Mwenye fedha kidogo na afuate utaratibu huu: kwanza mahali, pili kimo, tatu mfereji, nne msingi, na mapambo yaje mwisho. Rangi nzuri na vigae havijazuia maji hata siku moja.

Hata hivyo, nyumba bora yaweza kupotezwa na kalavati moja iliyoziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na katika mtaa, usipozibua mtaro utajenga mtaa mzima. Kabla ya mvua za Machi, watu wa kila mtaa wakubaliane siku ya kuzoa takataka katika mitaro, wamwarifu chifu au ofisi ya kaunti juu ya kila kalavati iliyoziba na kila bwawa linalovuja, na wachague mahali pa juu pa kukimbilia usiku, panapojulikana hata na watoto.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kiwanja kitazamwe wakati wa mvua, si kiangazi peke yake.
2. Upande wa juu uchunguzwe: bwawa, tuta, kalavati na korongo.
3. Umbali wa mto upimwe kutoka alama ya juu ya mafuriko.
4. Sakafu ipite alama hiyo kwa nusu mita angalau.
5. Maji ya paa yawe na njia yake, wala yasimwendee jirani.
6. Kuta zifungwe kwa mkanda wa zege, na sehemu ya chini isiwe ya udongo mbichi.
7. Maji yakianza kupanda, umeme uzimwe ikiwa swichi yafikika bila kukanyaga maji, na watu watoke. Vyombo hununuliwa tena.