Namba ya Miwani



MZEE: Mwanangu, mbona cherehani iko kimya?

FUNDI: Kutunga uzi kunanishinda, tundu la sindano naliona mawili. Hapa Ukonga Mombasa kuna kijana anapanga miwani ya kusomea mezani. Nimejaribu moja, nikaona. Wifi ananikataza, eti inaua macho.

MZEE: Haiui. Miaka yangu yote ya kazi ilikwenda kliniki ya macho, sijaona jicho lililouawa na miwani ya kusomea. Una umri gani?

FUNDI: Arobaini na nne.

MZEE: Ndiyo wakati wake. Lenzi ya jicho inakakamaa, haibadiliki tena umbo vizuri ili uone karibu. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, kule Dodoma, ukachapishwa 2006, ulikuta karibu watu 6 katika kila 10 wenye miaka 40 na zaidi wana shida hiyo.

FUNDI: Basi ninunue tu.

MZEE: Ulichukua namba gani?

FUNDI: Tatu. Inakuza hasa!

MZEE: Haya, sentimita mia zigawe kwa tatu. Kama mbali unaona sawasawa, kwa miwani hiyo chochote kilichopita sentimita 33 ni ukungu. Utashona umeinamia sindano, jioni shingo inakuuma halafu unalaumu macho. Umri wako, moja au moja na nusu mara nyingi yatosha.

FUNDI: Kumbe kukuza si hoja.

MZEE: Siyo. Tena ya mezani ina namba ileile kulia na kushoto. Ziba jicho moja, angalia sindano, kisha ziba la pili.

FUNDI: La kushoto... bado naona mbili.

MZEE: Kwa jicho moja peke yake? Hapo huenda uso wa jicho haukupinda sawa, au mtoto wa jicho anaanza. Tatizo la kwanza linataka miwani ya kupimwa, la pili linataka daktari. Kwenu kuna aliyepofuka?

FUNDI: Mama. Walisema uzee.

MZEE: Uzee! Jina hilo limefunika mengi. Ingeweza kuwa presha ya macho. Haiumi, inakula pembeni polepole, na uoni uliopotea haurudi. Mtu anavaa miwani, anasoma vizuri, anajiona mzima. Yule kijana simlaumu, ila hana kifaa cha kutazama ndani ya jicho.

FUNDI: Hela ya hospitali lakini, mzee...

MZEE: Najua. Ndiyo maana nakwambia kapime kwanza, miwani baadaye. Nenda Amana, au CCBRT Msasani, ukawaambie habari za mama yako. Wakikuta macho yote mawili yana namba ileile na hakuna jingine, rudi kwa kijana ununue namba hiyohiyo, hata mbili, moja ibaki nyumbani. Wakikuta la kushoto lina lake, hapo utengenezewe. Sukari unayo?

FUNDI: Sijawahi kupima.

MZEE: Ipime kabla ya macho. Ikiwa juu, namba ya miwani hubadilika. Ukichonga miwani leo, sukari ikishuka haikufai tena.

FUNDI: Nitakwenda Jumatatu.

MZEE: Sasa kaa kwenye cherehani kama unavyokaa ukishona, nipe futi nipime kutoka jichoni hadi kwenye sindano. Mpimaji asipoambiwa, atakupimia umbali wa kusoma gazeti.